Hati safi ya mkaguzi si mwisho wa amana

KILA mwaka inapofika mwezi Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinapowekwa mezani bungeni, neno "hati safi" hutawala magazeti na vijiwe. Halmashauri iliyopata hati safi hujipongeza, na mkurugenzi wake huonekana mwadilifu. Iliyopata hati yenye shaka huonekana ni ya wezi. Sasa lugha hii imeingia mpaka katika misikiti, madrasa na shule zetu.

Hilo si jambo baya. Ni dalili kwamba Waislamu wameanza kuelewa kuwa fedha ya umma wa Kiislamu ni lazima ihesabiwe na mtu wa nje. Tatizo ni namna hati hiyo inavyotumiwa. Katika mkutano mkuu wa taasisi moja ya Kiislamu katika ukanda wetu huu wa Karatu, ambayo sitaitaja, mzee mmoja alisimama akauliza habari za kisima ambacho wanachama walikichangia. Kiongozi aliyekuwa mbele akainua karatasi ya mkaguzi juu, akasema: "Mzee wangu, mkaguzi ameshapitisha, hati ni safi. Unataka nini tena?" Mzee akakaa, na mkutano ukaendelea na ajenda nyingine.

Swali la mzee lilikuwa halali. Jibu alilopewa ndilo halikuwa jibu. Kusudio la makala hii ni kueleza kwa nini halikuwa jibu: hati safi inasema nini hasa, haisemi nini, na wajibu wa nani unabaki baada ya mkaguzi kupiga muhuri na kuondoka.

Mimi si mhasibu, ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Lakini nimesoma viwango vya ukaguzi kwa kuwa nimeombwa mara kadhaa kuwaeleza wazazi na wanakamati maana ya karatasi hizo. Nilipovisoma, nikaona kwamba mambo mengi vinavyoyasema yamo katika kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua, nacho ni kisa cha Nabii Yusuf (AS). Kwa hiyo nitatembea na vyote viwili.

Mkaguzi anashuhudia nini?

Hapa Tanzania, kazi ya kukagua hesabu haifanywi na kila anayejua kujumlisha. Wakaguzi husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Tangu Julai 2004 bodi hiyo imeridhia viwango vya kimataifa vya ukaguzi. Kwa upande wa serikali, Ibara ya 143 ya Katiba inampa CAG kazi ya kukagua hesabu za serikali angalau mara moja kila mwaka, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inafafanua mamlaka yake. Kwa hiyo Halmashauri ya Karatu, Halmashauri ya Ngorongoro na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zote hesabu zake ziko chini ya jicho la CAG.

Kiwango cha kimataifa namba 200, ambacho ndicho mama wa viwango vingine, kinamtaka mkaguzi apate uhakika unaoridhisha kwamba taarifa za fedha hazina makosa yenye uzito, yawe yametokana na kupitiwa au udanganyifu. Kiwango chenyewe kinaeleza kwamba uhakika huo ni wa juu, lakini si uhakika kamili. Hapo ndipo penye siri yote. Mkaguzi hasemi "naapa hakuna kilichoibwa." Anasema: "Nimechunguza kwa utaratibu unaokubalika, nimepata ushahidi wa kutosha, na kwa maoni yangu hesabu hizi zinaonyesha picha ya kweli katika mambo yote yenye uzito." Ndiyo maana karatasi yake inaitwa maoni, wala haiitwi hukumu.

Maoni hayo yako ya aina nne. Ya kwanza ni hati inayoridhisha, ambayo ndiyo "hati safi" ya magazetini. Ya pili ni hati yenye shaka: hesabu ziko sawa isipokuwa katika jambo fulani linalotajwa. Ya tatu ni hati isiyoridhisha, ile ambayo watu huiita "hati chafu": hesabu zimepotoka kiasi cha kutoaminika kwa ujumla wake. Ya nne ni mkaguzi kushindwa kutoa maoni kabisa, kwa mfano pale nyaraka zinapokosekana.

Sasa turejee kwenye Suratul Yusuf. Kikombe cha mfalme kilipokutwa katika mzigo wa ndugu yao mdogo kule Misri, kaka yao mkubwa aliwaambia wenzake warudi kwa baba yao wakamweleze kuwa mtoto ameiba. Wakaelekezwa waseme pia kwamba wao wanashuhudia lile tu walilolijua, na kwamba hawakuwa walinzi wa yaliyofichikana (12:81). Kisha wakaelekezwa wamwambie baba yao aulize watu wa mji walikokuwa, na aulize msafara waliorudi nao (12:82).

Ndugu msomaji, tafakari aya hizi mbili. Safari hii hawakusema uongo. Ushahidi walikuwa nao, kwani kikombe kilitolewa mzigoni mbele ya macho yao. Wakataja na mashahidi wa nje wanaoweza kuulizwa. Pamoja na yote hayo, jambo lenyewe halikuwa kama lilivyoonekana. Yule kijana hakuiba. Kikombe kiliwekwa mzigoni mwake kwa mpango ambao Allah (SW) alimfundisha Yusuf (12:76). Shahidi alikuwa mkweli, ushahidi ulikuwepo, na bado hitimisho halikuwa sahihi. Huo ndio mpaka wa kila ushahidi wa mwanadamu, ukiwemo wa mkaguzi wa hesabu.

Gunia la vitunguu

Kwa nini mkaguzi hawezi kutoa uhakika kamili? Sababu ya kwanza ni kwamba hakagui kila kitu. Wanaojua biashara ya vitunguu ya Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi, wataelewa haraka. Mnunuzi akikuta magunia mia tatu yamepangwa, hamwagi yote chini. Huchagua machache, akayafungua, akapekua mpaka katikati, kisha akaamua bei ya mzigo mzima. Mkaguzi naye huchukua sampuli ya hati za malipo, stakabadhi na mikataba.

Njia hii ni nzuri na inakubalika. Lakini ubora wake unategemea nani anachagua. Mnunuzi mwenye akili hachagui gunia analooneshwa na muuzaji, kwa sababu anajua vitunguu vizuri vinaweza kupangwa juu na vibovu vikalala chini. Vivyo hivyo, mkaguzi akipokea faili alizoandaliwa na mhazini peke yake, huyo amekagua alichooneshwa. Na hata akichagua mwenyewe, bado yapo magunia ambayo hakuyafungua.

Sababu ya pili ni uzito. Mkaguzi hatafuti kila shilingi. Hujiwekea kiwango ambacho kosa likikizidi linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji wa hesabu. Wakaguzi wengi huanzia kwenye asilimia ndogo ya mapato au matumizi. Tuseme shule ya Kiislamu ina mapato ya shilingi bilioni 1 kwa mwaka, na mkaguzi akaweka kiwango cha asilimia 1. Hiyo ni shilingi milioni 10. Kosa la milioni 6 likijificha humo, hati inaweza kubaki safi, na mkaguzi asiwe amevunja kiwango chochote. Lakini kwa ustadhi anayelipwa laki moja kwa mwezi, milioni 6 ni mshahara wa miaka mitano! Ni kweli kwamba viwango vinamtaka mkaguzi azingatie pia aina ya kosa, kwani wizi mdogo wa kiongozi mkubwa si jambo dogo. Hata hivyo, kwanza awe ameuona.

Sababu ya tatu ni makadirio. Si kila tarakimu iliyo katika hesabu ni fedha iliyohesabiwa mkononi. Tuchukue mamlaka inayopokea malipo ya watalii kama pale lango la Loduare, njia ya kupandia Ngorongoro. Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha Juni 30. Mtalii aliyelipa Juni kwa safari ya Julai, fedha yake ni mapato ya mwaka upi? Kanuni inasema huduma bado haijatolewa, kwa hiyo ni deni mpaka Julai. Magari ya doria yanayopanda na kushuka kwenye njia za kreta yamechakaa kwa kiasi gani mwaka huu? Mteja anayedaiwa atalipa au hatalipa? Hapo uongozi hukadiria, na mkaguzi hupima kama makadirio hayo yana mantiki. Ukadiriaji una nafasi ya kukosea hata kwa mtu mwaminifu.

Kanzu yenye damu

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni udanganyifu wa makusudi. Ndugu zake Yusuf walipomtupa kisimani, walirudi kwa baba yao usiku wakilia, wakiwa na kanzu iliyopakwa damu ya uongo (12:16-18). Hiyo ilikuwa nyaraka ya kughushi, iliyoandaliwa na watu kumi waliokwishakubaliana kauli moja. Nabii Yaqub (AS) hakuikubali. Wafasiri wanaeleza kwamba aliona kanzu ni nzima, haikuraruliwa. Mbwa mwitu gani amle mtoto na kuiacha kanzu yake salama? Viwango vya ukaguzi vinamtaka mkaguzi awe na tabia hiyohiyo, yaani asiwe mwepesi wa kuamini.

Lakini angalia zaidi. Yaqub alitambua kwamba kanzu imetengenezwa, na bado hakujua mwanawe yuko wapi. Kugundua kwamba nyaraka ina walakini ni jambo moja, na kuufikia ukweli ulio nyuma yake ni jambo jingine. Mkaguzi si polisi. Hana mamlaka ya kupekua nyumba ya mtu wala kumlazimisha mfanyabiashara wa nje aseme. Na viwango vinamruhusu aichukulie nyaraka kuwa halali kama hakuna kinachomtia shaka, kwani yeye si mtaalamu wa kutambua saini za kughushi. Mhazini, mwenyekiti na muuza saruji wakila njama pamoja, risiti ikatoka, saini tatu zikawekwa, mkaguzi ataona karatasi iliyokamilika.

Tuna mfano mkubwa katika nchi yetu, na jina la Karatu limo. Dk. Wilbrod Slaa, aliyekuwa Mbunge wa Karatu kuanzia mwaka 1995 hadi 2010, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti mwaka 2007 kuhusu malipo yaliyofanyika katika akaunti ya madeni ya nje (EPA) ndani ya Benki Kuu. Kabla ya hapo, mwaka 2006, kampuni ya Deloitte & Touche ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikikagua hesabu za benki hiyo za mwaka 2005/06, ilikwishatilia shaka malipo hayo. Ndipo serikali, kupitia CAG, ikaipa kampuni ya Ernst & Young kazi ya ukaguzi maalumu. Matokeo yalitangazwa Januari 2008: zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyostahili kwa makampuni 22. Kati ya hizo, takriban bilioni 90 zililipwa kwa makampuni 13 kwa kutumia nyaraka za kughushi na za uongo, na takriban bilioni 42 zililipwa kwa makampuni 9 ambayo nyaraka zake hazikutosheleza. Gavana wa wakati huo aliondolewa katika wadhifa wake.

Zingatia hatua zilizopitiwa. Fedha ilitoka mahali penye wahasibu wabobezi, kwa makaratasi. Mkaguzi wa kawaida wa mwaka aliibua shaka. Lakini ukweli ulihitaji ukaguzi wa aina nyingine, wenye swali moja mahususi na mamlaka makubwa zaidi. Na katikati ya hatua hizo walikuwepo watu wasio wahasibu waliokataa kunyamaza.

Wala tusidhani hayo ni ya nchi maskini tu. Kule Ujerumani, kampuni ya Wirecard ilipata hati safi kwa miaka kadhaa. Juni 2020 ikabainika kwamba euro bilioni 1.9, ambazo vitabu vyake vilionyesha kuwa ziko benki nchini Ufilipino, hazikuwepo. Benki zenyewe zilisema nyaraka zile hazikuwa zake. Ndiyo maana ya kuuliza mji na msafara: taarifa ya benki aliyokuletea mdaiwa si sawa na taarifa uliyoichukua benki wewe mwenyewe.

Mambo ambayo hati safi haiyagusi kabisa

Mpaka hapa tumezungumzia udhaifu uliomo ndani ya kazi yenyewe ya mkaguzi. Yapo pia mambo ambayo hayamo katika kazi yake hata chembe, nayo ndiyo hasa watu wengi hudhani yamo.

Kwanza, hati safi haisemi kwamba fedha ilitumika vizuri. Kisima kikichimbwa kwa milioni 30, mkataba upo, risiti ipo, fundi alilipwa, na maji hayatoki, hesabu inaweza kuwa safi kabisa! Milioni 30 ziliandikwa kama zilivyotumika. Kama maji yapo au hayapo, au kama bei ilikuwa halali, hilo ni swali la ukaguzi wa ufanisi, ambao CAG huufanya kwa ripoti za peke yake. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ina majukumu matatu: kuhifadhi, kuendeleza utalii na kuwaendeleza wafugaji wakazi. Hesabu zake zinaweza kuwa sahihi shilingi kwa shilingi, na mfugaji wa Endulen au Nainokanoka akawa bado ana haki ya kuuliza kama mgawo wake umemletea maji, shule na zahanati. Hata suala zito la kuhamisha wakazi kwenda Msomera, Handeni, lililoanza mwaka 2022, haki yake haipimwi kwa hati ya hesabu. Mkaguzi wa fedha ataangalia kama gharama zimeandikwa sawasawa.

Pili, hati safi haisemi kwamba mali ni halali. Inaweza kutolewa kwa kampuni ya pombe au benki ya riba, na ikawa ya haki kwa viwango vyake. Ndiyo maana taasisi za fedha za Kiislamu zina viwango vya ziada vya AAOIFI, chombo chenye makao yake Bahrain, vinavyohitaji wanazuoni wa sharia wachunguze mikataba yenyewe.

Tatu, haisemi kwamba taasisi itadumu. Mkaguzi anatakiwa apime kama taasisi ina uwezo wa kuendelea kwa walau miezi kumi na miwili, na aseme akiona shaka kubwa. Lakini hajui ghaibu. Waliotia saini hesabu za mahoteli na makampuni ya utalii ya ukanda wetu mwishoni mwa mwaka 2019 hawakujua kwamba korona inakuja. Watalii wa kigeni walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban laki 6 na elfu 20 mwaka 2020. Hapa Karatu, mji unaoishi kwa magari ya watalii yanayopita kwenda kreta, kila familia ililiona hilo jikoni mwake.

Nne, haioni kilichopita nje ya vitabu. Imamu Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango unaohusu kiongozi kuwahesabu watendaji wake. Humo kuna kisa cha mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (SAW) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi na kuhesabiwa, alitenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (SAW) akalikemea hilo juu ya mimbari, akahoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Angalia kwamba fungu la zaka lilikuwepo. Ubaya ulikuwa katika fungu la pili, na lilijulikana kwa sababu mwenyewe alilitaja. Asingelitaja, daftari lingelionyesha wapi? Asilimia kumi anayopewa kiongozi wa kamati na mkandarasi gizani haina mstari katika hesabu za msikiti.

Wajibu unabaki kwa nani?

Baada ya yote haya, mtu anaweza kusema: basi ukaguzi una faida gani? Huko ni kukosea upande wa pili. Qur'an imetuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi (2:282), na haikusema tuache kwa kuwa shahidi anaweza kusahau. Bali imeliona hilo la kusahau, ikaweka utaratibu wa mmoja kumkumbusha mwenzake. Taasisi isiyokaguliwa kabisa ni mbaya zaidi kuliko iliyokaguliwa kwa mipaka. Tunachotakiwa ni kuiweka hati mahali pake.

Kwanza, tujue tumepewa karatasi gani. Kuna ukaguzi kamili. Kuna mapitio, ambayo ni kazi nyepesi zaidi ya kuuliza na kulinganisha, na uhakika wake ni mdogo. Na kuna mhasibu aliyepanga tu tarakimu alizopewa zikawa taarifa nzuri, ambaye hatoi uhakika wowote. Zote tatu huja na muhuri. Wengi wetu tumewahi kusomewa ya tatu tukadhani ni ya kwanza. Tusome ukurasa wa maoni wenyewe, tuangalie aliyesaini amesajiliwa NBAA, na kama ana undugu au biashara na viongozi.

Pili, tuombe barua ya mkaguzi kwa uongozi. Humo huandika udhaifu alioukuta: hundi inayosainiwa na mtu mmoja, sadaka ya Ijumaa inayohesabiwa na mtu mmoja, kitabu cha stakabadhi kilichopotea. Hati inaweza kuwa safi na barua ikawa ndefu. Viongozi wengi husoma hati mkutanoni, na barua ikabaki mezani.

Tatu, tujue kwamba hesabu ni za viongozi, si za mkaguzi. Viwango vyenyewe vinasema hivyo: kuandaa hesabu, kuweka udhibiti wa ndani na kuzuia wizi ni kazi ya uongozi na ya bodi inayousimamia. Nabii Yusuf alipoomba kusimamia hazina za Misri, alitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi (12:55). Bodi yetu ya wadhamini, iliyosajiliwa RITA, haiwezi kumkodisha mkaguzi amana yake. Ulinzi na ujuzi ni vyake yenyewe.

Nne, tuwaache watu waulize. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai (ACFE), chenye makao yake Marekani, kilichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa matukio ya wizi wa ndani ya taasisi. Asilimia 43 ya matukio yaligunduliwa kwa sababu kuna mtu alitoa taarifa. Yaliyogunduliwa na mkaguzi wa nje yalikuwa asilimia 3. Kwa maneno mengine, mfanyakazi, muuzaji na mwanachama wa kawaida huona kile ambacho sampuli haikukiona. Kiongozi anayemnyamazisha muulizaji kwa kumwinulia hati anaziba mlango ambao wizi mwingi hugundulikia.

Mwisho, tuizingatie aya ya sita ya Suratun Nisaa. Allah (SW) anamwamrisha msimamizi wa mali ya yatima kwamba atakapomkabidhi mali yake aweke mashahidi. Papo hapo, katika aya hiyohiyo, anakumbusha kwamba Yeye anatosha kuwa Mwenye kuhesabu. Mashahidi wametakiwa, na hawakuchukua nafasi ya Mwenye kuhesabu. Anayeleta hati mbele ya mkutano ameleta shahidi. Bado yeye mwenyewe anadaiwa jibu la kila swali atakaloulizwa hapo, na la siku ambayo hakuna sampuli wala kiwango cha uzito, ambapo hata chembe italetwa mizanini.

Wabillahi tawfiq.